Pamba ya Godoro Kuukuu

Fundi magodoro alikuwa amepiga magoti uani, akiusawazisha udongo juu ya kishimo kwa kiganja, taratibu, kama anavyosawazisha pamba ndani ya godoro. Udongo haukuhitaji kusawazishwa. Lakini mikono iliyozoea kazi moja maisha yote haijui namna nyingine ya kuaga.

Vishimo vilikuwa vitatu sasa, kimoja kwa kila mtoto wa mbwa wake Malkia aliyebaki nyumbani. Malkia mwenyewe alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya karakana, maziwa bado yakimdondoka. Alifungwa kwa sababu kila akiachiwa alikwenda kufukua.

"Huyu mama yao alichanjwa?" akauliza daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira.

"Daktari, Malkia hajavuka lango hili tangu aje. Mwali wa ndani, maradhi atayatoa wapi?"

"Maradhi haya ya kuhara damu hayangoji kufuatwa, mzee wangu. Hubebwa. Kuna kitu gani kigeni kilichoingia humu?"

Fundi alifungua kinywa aseme hakuna. Kisha macho yake yakaangukia sanduku walimozaliwa watoto, na tandiko lililokuwa ndani yake, jeupe, nene, limeshonwa kwa uzi maradufu.

Pamba ya tandiko hilo ilitoka katika godoro kuukuu lililoletwa na watu waliokuwa wakihama. Walimwambia waziwazi kwamba mbwa wao mdogo aliugua juu yake akafa, basi alichome moto. Aliwacheka walipokwisha kuondoka. Watu wa siku hizi, mbwa akifa wanachoma godoro. Je, paka akifa watachoma nyumba? Katika karakana yake pamba haikutupwa. Ilichambuliwa, ikapigwa fimbo, ikaanikwa juani mpaka ikafura kama mawingu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine: pamba haina kosa, kosa ni la aliyeilalia.

"Tandiko hilo ni pamba ya godoro alilofia mbwa wa watu, lakini niliianika," akasema. "Jua kali, daktari."

"Jua huua kunguni. Hiki kijidudu ni kaidi. Hukaa kwenye matandiko, kwenye udongo, kwenye soli za viatu, miezi na miezi." Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma fundi zaidi. "Tandiko lichomwe. Sakafu ioshwe kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Na wewe usimkaribie mbwa mchanga wa mtu yeyote; mmoja akianza kususa chakula, ujue yameshamwingia. Pamba yote ya godoro hilo imo humu?"

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, akakumbuka kwamba hapo napo si pa kufutia.

"Si yote," akasema.

Mtoto wa nne alikuwa kwa dada yake mkubwa. Tangu afiwe na mumewe, dada yule alikuwa akizungumza na redio. Fundi akaona heri azungumze na kitu chenye masikio. Akampelekea mbwa, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, akamshonea na mto wa kulalia, umeshindiliwa barabara, pindo zake za rangi mbili.

Simu ya dada iliita hadi ikachoka. Fundi akaoga, akabadili nguo, akalowesha soli za viatu katika ile dawa, akaenda. Alipofika aligonga, kisha akarudi hatua kadhaa nyuma.

"Wewe nawe! Umesimama huko kama mposaji aliyesahau jina la binti. Ingia!"

"Siingii, dada."

"Nimekukosea nini?" Akatoka, mbwa kamkumbatia kifuani. "Bwana Mkubwa, mwamkie mjomba wako."

Mbwa akainusa harufu aliyozaliwa nayo, akaanza kupiga makasia hewani kwa miguu yote minne. Fundi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa nyumba ya pili.

"Usije! Simama hapo hapo!"

Maishani mwake hakuwahi kumpazia sauti mwanamke yule aliyembeba mgongoni. Dada akasimama. Fundi akamweleza yote kutoka ng'ambo ya kichochoro, godoro, jua, sanduku, bila kujitetea, maana kila utetezi aliokuja nao njiani ulikuwa umemwishia.

"Wote watatu?"

"Wote."

"Na Malkia?"

"Anafukua."

Dada akamvuta mbwa karibu na shingo yake. "Huo mto ameulalia tangu aje. Nilitaka kumnyang'anya, mto mzuri vile anapewa mbwa? Akalia. Nikamwonea huruma."

"Utoe nje, dada. Usiushike kwa mkono."

Akamfungia mbwa ndani, akausukuma mto kwa mpini wa ufagio mpaka katikati ya njia. Fundi akaumwagia mafuta ya taa, akawasha. Kitambaa kikaungua mara moja, pindo na rangi zake mbili. Lakini pamba iliyoshindiliwa vizuri haiwaki, hufuka. Juu lilionekana jivu lililopoa, ndani moto ukitembea polepole, hauna haraka na mtu. Hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Akabaki akiuchokoa kwa kijiti.

Dada akatoka tena na mbwa wake, akasimama kizingitini.

"Huyo daktari atakuja kumchanja?"

"Yuko njiani. Anasema chanjo humkinga aliye mzima." Yaliyofuata katika maneno ya daktari aliyameza.

"Basi huyu si mzima? Mwone mkia wake." Akambusu utosini. "Ila maziwa ya asubuhi hakuyamaliza. Uvivu tu, nadhani. Eti?"

Moshi ukageuka ukamwelekea fundi. Hakusogea.

"Mrudishe ndani, dada," akasema. "Kuna baridi."

Hakukuwa na baridi.