Injini Bado Haijageuzwa, Mkuu

Usiku wa jana niliota nashona reli. Naomba nisichekwe mapema. Mimi ni fundi nguo hapa Tabora, huu mwaka wa thelathini na mbili, na fundi nguo kuota anashona si habari. Habari ni kwamba kitambaa kilichokuwa chini ya sindano kilikuwa na mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na kila taruma lilipopita, cherehani ilipiga honi.

Kabla sijaendelea, nieleze hali ilivyo nyumbani.

Baba yangu, Mzee Nkwabi, ana miaka themanini na minne. Alifanya kazi kwenye karakana ya reli enzi za injini za mvuke, na kazi yake ilikuwa moja tu: kugeuza injini. Injini zile zilikuwa na mbele na nyuma. Ikifika mwisho wa safari, injini ilipandishwa kwenye daraja la chuma lililokaa juu ya shimo la mviringo, watu wawili wakalisukuma kwa mabega, daraja likazunguka mpaka injini ikatazama ilikotoka. Kitu hicho chote wao walikiita meza.

Miezi miwili sasa Baba hanijui. Ananiona msimamizi wa karakana. Kila asubuhi ananivulia kofia na kusema, "Shikamoo, mkuu." Baba yangu mzazi! Nikiitikia, naona aibu mpaka kwenye nyayo. Nisipoitikia, anabaki amesimama, kofia mkononi, mpaka uji unapoa. Kisha anauliza swali lake la kila siku.

"Injini imegeuzwa?"

"Bado, Baba."

"Basi siwezi kwenda nyumbani," anasema, na anakaa.

Ndiyo maana nikaanza kujenga meza. Reli ndogo ya mfano, kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba, nilikuwa nayo tayari sebuleni, juu ya ubao wa plaiwudi. Ndiyo starehe yangu, wengine wana bao na kahawa. Shimo nililitengeneza kwa kifuniko cha sufuria kubwa, nikakilaza chali. Katikati niliweka beringi ya baiskeli. Daraja ni rula ya mbao ya sentimita thelathini, na reli zake ni spoku mbili za baiskeli. Injini nayo ni ya mikono yangu: mbele bomba la chuma, nyuma kopo la dagaa badala ya tangi la maji.

Ikiwa tupu, meza inazunguka vizuri hadi unatamani kuishangilia. Nikipandisha injini, daraja linainama upande mmoja, linakwaruza ukingo, linagoma. Nimepiga msasa mara tatu. Nimepima kwa futi na kuhakikisha injini imekaa katikati kabisa, nusu huku na nusu huku, kama ninavyokunja kitambaa cha suruali kabla ya kukata. Haizunguki. Na kesho, Jumamosi, dada yangu Kalunde anakuja kumchukua Baba akaishi kwake Dodoma, karibu na daktari. Nilitaka anijue hata mara moja kabla hajaondoka. Nilitaka nimwamkie, aitikie yeye. Basi, hilo tu.

Turudi kwenye ndoto. Nashona. Futi yangu ya kupimia, ile inayokaa shingoni, inakohoa.

"Fundi," inasema, "kwenye reli hii kila kitu kinagawanywa kwa themanini na saba. Ndicho kipimo."

"Najua. Mimi ndiye niliyekichagua."

"Basi usije ukalalamika."

Nikatazama chini nikaona sakafu imenisogelea. Cherehani ilikuwa imebaki kule juu, kubwa kuliko kanisa. Nilikuwa nimesimama juu ya plaiwudi, mbele ya stesheni, ile niliyoijenga kwa boksi la viatu. Juu ya mlango wake paliandikwa arobaini na mbili, kwa sababu ndiyo saizi ya mguu wangu. Abiria walikuwa wamejaa wakisubiri treni namba arobaini na mbili. Niliona haya kuwaambia ukweli.

Futi ikashuka shingoni, ikaanza kunipima.

"Urefu, sentimita mbili kasoro kidogo. Kiuno, tusiseme. Umri?"

"Miaka hamsini na nane."

Ikajikunja mara kadhaa kupiga hesabu. "Miezi minane."

"Umri haugawanywi," nilisema.

"Nilisema kila kitu, fundi. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Ikaniandikia cheti. Mkaguzi wa tiketi alikisoma, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba mtoto wa miezi minane haruhusiwi kutembea stesheni bila kubebwa. Mama mmoja mwenye ungo wa mchele akajitolea. Alinifunga mgongoni kwa kanga, miwani yangu na ndevu zangu na kila kitu.

"Mtoto mzito huyu," akasema.

"Ana mawazo," ikajibu futi.

Tukaingia mlango wa stesheni na kutokea karakana. Hakukuwa na njia katikati. Pananuka moshi na grisi, na shimo lenyewe linanuka pilau ya Idi, maana kifuniko kile hakijawahi kutakata sawasawa. Daraja limelala juu ya shimo na namba zake ubavuni, moja mpaka thelathini. Juu yake imesimama injini yangu, pale pale nilipoiacha, imenuna.

"Una nini?" nikaiuliza.

"Naanguka," ikasema. "Huoni? Upande huu naanguka."

"Uko katikati. Nimepima."

"Umepimaje?"

"Kama ninavyopima kitambaa. Ukitaka katikati, unakunja."

"Haya," ikasema injini. "Nikunje."

Tulijaribu, mimi, yule mama na abiria wawili waliotufuata. Haikukunjika.

Ndipo kijana mmoja akatokea nyuma ya tangi, amevaa suruali ya kazi na kofia ya reli, kipande cha chaki nyeupe kimechomekwa nyuma ya sikio. Alikuwa na miaka ishirini na sita hivi. Nilimtambua kwa masikio. Ndiyo haya haya ninayonyoa nywele kuyazunguka kila mwezi. Alikuwa Baba.

Akavua kofia. "Shikamoo, mkuu."

"Shikamoo, Baba," nikasema kutoka mgongoni.

Hakuna aliyeitikia. Zile shikamoo mbili zikaanguka kwenye daraja kwa kishindo, kila moja na ukubwa wa gunia, zote upande mmoja. Daraja likainama zaidi.

"Hapa hatuendi popote," likasema daraja. "Shikamoo isiyoitikiwa ina kilo themanini na saba. Aitikie mmoja wenu."

"Siwezi kumwitikia baba yangu," nilisema.

"Wala mimi siwezi kumwitikia msimamizi," akasema Baba. "Nitafukuzwa kazi."

Basi tunakaa. Mama anaketi na kuchambua mchele wake, mimi ningali mgongoni. Abiria wanauliza kama treni namba arobaini na mbili imefutwa. Injini inapiga miayo na kutoa mvuke kidogo. Baba amesimama vile vile, kofia mkononi, anangoja marahaba ambayo sina mdomo wa kuitoa.

Nilikasirika, nakiri. Nikapiga kelele.

"Injini, injini, kila siku injini! Nimemaliza karatasi tatu za msasa! Mimi siulizwi hata jina, injini inaulizwa asubuhi, mchana na jioni! Kwani isipogeuzwa kuna nini?"

Baba alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Isipogeuzwa zamu haiishi, mkuu," akasema. "Na zamu isipoisha siwezi kwenda nyumbani. Nina mtoto. Nikichelewa namkuta ameshalala, na asubuhi natoka hajaamka. Wiki nzima sijamwona akiwa macho."

Niliinua kichwa kutoka mgongoni mwa mama.

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi minane."

"Anaitwa nani?"

"Mihayo," akasema, akacheka peke yake. "Ana kichwa hiki, mkuu! Kikubwa!"

Mihayo ni mimi. Nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa nalia, na mtu mwenye ndevu akilia mgongoni mwa mtu hasikiki vizuri. Yule mama akaanza kunibembeleza. Futi ndiyo iliyonisaidia. Ilifungua cheti changu na kukisoma kwa sauti ya mahakamani.

"Huyu hapa ana miezi minane. Nimempima mwenyewe."

Baba akakipokea cheti, akakisoma mbele na nyuma. Akaja karibu, akanitazama mvi, akanitazama miwani.

"Ni mzito kwa miezi minane."

"Ana mawazo," wakasema mama na futi kwa pamoja.

Hakusema kama ameamini. Alikirudisha cheti, akapanda darajani, akaweka sikio lake kwenye ubavu wa injini.

"Rudi nyuma," akaiambia. "Polepole. Polepole, nimesema. Bado. Simama!"

Injini ilirudi nyuma kiasi cha upana wa vidole viwili tu. Daraja likavuta pumzi. Sijui nisemeje vinginevyo. Liliinuka, likajisawazisha, ncha zake zote mbili zikaachana na ukingo wa kifuniko.

"Umeona?" akasema Baba. "Kichwa ni chuma kitupu, huku nyuma ni kopo. Ukiigawa nusu kwa nusu utasukuma mpaka uzeeke. Isimamishe pale daraja linapopumua."

Akachomoa chaki nyuma ya sikio na kuchora mstari mweupe kwenye daraja, namba ishirini na mbili, pale gurudumu la mbele liliposimama. Akaniashiria.

"Lete bega."

Mama akanifungua. Mtoto wa miezi minane hasimami, lakini mkaguzi wa tiketi aligeukia pembeni akajifanya anahesabu mataruma. Nikaweka bega langu karibu na bega la Baba. Linanuka grisi na sabuni ya mche. Tunasukuma. Daraja linaondoka bila kukwaruza hata kidogo. Stesheni inapita mbele yetu, abiria wanapunga mikono, cherehani inapita kule juu, dirisha la jikoni kwangu linapita. Injini imefumba macho. Mimi sitaki kazi hii iishe.

Tulipofika nusu ya mzunguko, daraja likasimama lenyewe. Mimi na Baba tukatazamana. Yale magunia mawili yalikuwa bado darajani, yakingoja.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

Akaanza kuvua kofia. Mkono ukafika kwenye ukingo wa kofia, ukasita, ukashuka. Aliniangalia sana. Akafungua mdomo.

Nikaamka.

Sijawahi kuichukia asubuhi kama hii ya leo. Niliupiga mto ngumi. Kulikuwa kumeshakucha, jirani anafagia, na mimi nimetolewa ndotoni sekunde moja kabla ya neno nililolingoja miezi miwili. Nilijifunga shuka kiunoni nikaenda sebuleni.

Baba alikuwa ameshaamka. Alisimama mbele ya ubao, amevaa koti lake la zamani na kofia, mikono nyuma. Nikamsogelea nikatazama anachokitazama. Kwenye daraja langu la rula, namba ishirini na mbili, palikuwa na mstari wa chaki nyeupe.

Chaki zangu zote ni za bluu. Nyeupe niliacha kununua tangu mwaka juzi, kwa sababu haionekani kwenye mashati ya shule.

Niliirudisha injini nyuma, polepole, mpaka gurudumu la mbele likagusa mstari. Ncha za daraja zikainuka. Nikasukuma kwa kidole kimoja. Meza ikazunguka nusu mzunguko, kimya, na injini ikatazama ilikotoka.

"Imegeuzwa," nikasema.

"Naona," akasema Baba.

Akaleta mikono mbele, akaanza kufungua vifungo vya koti kama mtu aliyemaliza zamu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na unga mweupe.

Nikangoja avue kofia, maana kila asubuhi ndivyo anavyofanya. Hakuivua. Alisimama na koti wazi, ananitazama usoni, na uso wake ulianza kukunjamana kidogo, kama wa mzazi ambaye mtoto ameamka akampita bila adabu. Alikuwa ananingoja mimi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Kisha akanyoosha mkono wake wenye chaki, akanishika kichwani, akanigeuza upande huu na upande huu kwenye mwanga wa dirisha.

"Mihayo," akasema, "hizi mvi umezitoa wapi?"