Vidole vya Mwalimu Njau

Mwalimu Njau alinifundisha Kiingereza shuleni kule Theta, na alikuwa mkali ajabu. Kwa hiyo nilipoanza utafiti wangu wa chuo hapa Thika, yeye ndiye niliyempigia simu kwanza. Nilitaka kila Ijumaa walimu waandike insha za Kiingereza kwenye kompyuta, huku programu ikirekodi kila herufi wanayobonyeza, kila wanachofuta na kila mahali wanaposita. Kusita ndiko kunakoonyesha mtu anavyotafuta maneno ya lugha isiyo yake.

Wote walisita. Kyengo, mwalimu wa hesabu Ruiru, aliifuta sentensi moja mara nyingi mpaka nikamhurumia. Mwalimu Njau hakusita popote, hata kati ya aya na aya. Hakuna binadamu anayetunga hivyo. Anayenakili ndiye huandika hivyo, na mezani kwake hapakuwa na karatasi.

Ndipo nikakumbuka kwamba kila wiki alinipigia mapema kuuliza mada, nami kwa heshima nikamwambia. Nilikasirika sana. Mtu aliyetuchapa kwa kukariri insha za wenzetu, leo anaandikiwa na nani?

Ijumaa ile nikambadilishia mada. "Andika tu ulivyoamka leo, Mwalimu."

Akaandika maneno mawili, akayafuta. Akayaandika tena, akayafuta. Kisha akaweka mikono magotini, akanisemesha kwa Kikuyu, yeye ambaye tangu utoto wangu hakunisemesha ila kwa Kiingereza.

"Ngina, Kiingereza kinanitoka. Daktari anasema ni ubongo. Nyumbani nachomoa neno moja moja kwenye kamusi, nikimaliza nakariri yote. Hata masomo ya darasani nayakariri."

"Mkuu wa shule anajua?"

"Hajui. Jumatatu nina Form Four, na mtihani umekaribia. Tafadhali usimwambie."

Hasira iliniisha, nikabaki na woga. Nilimwogopea yeye, nikawaogopea na wale watoto, na sikujua nianze na nani.

"Nipe mada ya wiki jana," akasema. "Hiyo bado ninayo."

Ilikuwa insha kuhusu marehemu mkewe, Maggie. Akaanza, vidole vikikimbia, Kiingereza safi kabisa. Katikati akakwama, akanitazama akingoja nimsaidie. Nikafungua maandishi yake ya wiki jana nikamsomea yaliyobaki, sentensi baada ya sentensi, naye akaandika mpaka mwisho. Nikajidanganya kwamba labda muhula huu ataumaliza.

Akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Hapa nimesema nini?" akauliza.

Nikamweleza kwa Kikuyu: jinsi Maggie alivyomngoja miaka yote ya chuo, na jinsi nyumba ilivyo kimya tangu amzike. Akasikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kukubali.

"Jumatatu usiende shule, Mwalimu," nikasema.

"Niende wapi basi?"