Kanzu Nyeupe ya Mwinshehe

Mume akianza kufua nguo zake mwenyewe uzeeni, bila kugombana na mkewe, mtu afikirie nini? Mimi nilifikiria mwanamke. Mwinshehe hakuwahi kushika sabuni ya kufulia tangu anioe, lakini ghafla kila mchana alikuwa uani na ndoo, na kanzu zilikuwa zimeshaanikwa kabla sijarudi kutoka kwenye genge langu la mboga. Kisha akaziacha kabisa kanzu nyeupe, akawa anavaa ile moja ya kahawia iliyokoza. Chai hataki, maji hataki. Msikitini akahamia safu ya mwisho karibu na mlango, yeye ambaye miaka yote alisimama nyuma ya imamu. Nikajisemea, huyo mwanamke, awe yeyote yule, kamroga.

Nilinyamaza kwa ajili ya harusi ya Najat, binti yetu wa mwisho. Lakini Mwinshehe alipotamka kwamba hataozesha mwenyewe, kazi hiyo anamwachia mdogo wake Mbwana, uvumilivu ukanishinda. Kwetu baba akiwa hai na akili zake timamu, yeye ndiye anayekaa mbele ya bwana harusi msikitini, anamshika mkono, anamwozesha bintiye. Akimwachia mwingine, hapa Chanika wataulizana kuna nini. Najat aliamini baba yake hamtaki mchumba wake Talha kwa kuwa ni fundi umeme tu. Akaniambia heri aivunje hiyo ndoa kuliko kuolewa bila radhi ya baba. Mtoto alikuwa hali wala halali.

Basi siku moja nikafunga genge mapema makusudi, nikarudi kimyakimya nikamfumanie. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda na shuka kiunoni, kanzu imo ndooni. Maneno ya kumpasha nilikuwa nimeyapanga tangu njiani. Niliinyakua ile kanzu nitafute marashi ya mwenzangu. Ilinuka mkojo.

Mwinshehe hakunitazama.

"Unanitoka wenyewe, Zubeda," alisema. "Nikienda chooni nasimama weee, matone tu. Nikirudi kukaa, ndo unakuja. Sasa nitakaaje mbele ya watu nimemshika mkono kijana wa watu, huku nalowa?"

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Wivu wote ulinitoka, ikabaki huruma. Akanieleza kidogokidogo kwamba jambo hilo lilimwanza zamani. Mkojo ulipungua kasi kwanza, kisha ukawa unamwamsha usiku mara kwa mara, na mimi nilipomsikia akitoka nilidhani anapokea simu. Kila akienda duka la dawa anaambiwa ni UTI, anapewa vidonge, anamaliza dozi, na hali inabaki vilevile. Mwisho akaona dawa ni kuacha kunywa maji. Hospitali ndiyo hakutaka kabisa kuisikia, maana barazani wenzake walishamsimulia, tena kwa vicheko, jinsi tezi dume inavyopimwa kwa kidole.

"Nikishafanyiwa vile, nitamtazamaje mkwe wangu usoni?"

Hapo hasira ikanirudia.

"Mwinshehe, mie nimekuzalia watoto wanne. Walionichungulia siwajui hata kwa majina. Mbona nawatazama watu?"

Alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka. Kesho yake tulikuwa hospitali ya rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Aliitwa Dokta Adelard, kijana mwenye sauti ya upole, na alimwamkia Mwinshehe shikamoo kabla ya kumuuliza lolote. Kipimo chenyewe kilichoogopwa kiliisha mimi bado nanung'unika nje ya mlango. Baada ya picha ya tumbo na vipimo vya damu, akatuita wote wawili.

Alisema tezi dume imevimba, imebana njia, na kibofu kimejaa kama pipa. Kinachomtoka ni kile kinachofurika tu, kwa hiyo kujinyima maji hakukumsaidia kitu. Mkojo ulikuwa umeanza kurudi hadi kwenye figo. Dalili za saratani hakuziona, ila alitaka kuhakikisha.

"Mzee, mkojo ukikosa nguvu, ukikuamsha usiku kila mara, ukitoka bila kuuruhusu, au ukiona damu, njoo kwetu," alisema. "Usingoje ufunge kabisa."

Akamwekea mpira wa mkojo uliounganishwa na mfuko wa kufungwa pajani, na upasuaji ukapangwa baada ya harusi. Mwinshehe aliutazama ule mfuko, akasema ndo basi tena, Mbwana ataozesha. Nikamwambia anyamaze.

Nilikuwa nimeshamnunulia kanzu mpya nyeupe. Niliiweka kwenye cherehani yangu ya nyumbani, nikaipanua kidogo mapajani, kisha kwa ndani nikashonea mfuko wa kitambaa kizito, ule wa hospitali ukae humo usicheze wala usionekane. Najat nilimweleza kila kitu bila kumwomba ruhusa baba yake. Alikwenda akambusu mkono, naye Mwinshehe akajua kuwa binti anajua.

Siku ya ndoa nilikuwa upande wa wanawake msikitini, nyuma ya pazia, nimeikazia macho spika. Nilisikia watu wakitulizwa. Kisha nikaisikia sauti ya mume wangu ikimwambia Talha kwamba anamwozesha binti yake Najat. Haikutetemeka hata kidogo. Aliyekuwa anatetemeka ni mimi.

Nyumbani wanaume walikaa chini ya turubai, Mwinshehe katikati yao, kanzu inang'aa. Jagi la maji lilipomfikia, alimiminiwa glasi, akainywa yote, kisha akainyoosha tena aongezwe. Nililia pale dirishani mpaka shoga zangu wakaanza kunibembeleza, eti binti haendi mbali.