Siku za Ziara

Saa moja na robo asubuhi Kikokotoo alikuwa amekalia beseni lililopinduliwa, dodoso la kurasa kumi na mbili mapajani, akimwuliza mwanamke aliyeinamia shuka lililolowa kama katika miezi mitatu iliyopita kaya yake ilikula milo mingapi kwa siku.

"Kaya ndiyo nini?" aliuliza mwanamke yule bila kuinua kichwa.

"Nyumba yako. Watu wanaokula chungu kimoja."

"Basi sema nyumba. Siku za jua, milo mitatu. Siku zisizo na jua, miwili na porojo."

Wenzake sita wakacheka. Mwanamke huyo alijulikana kwa jina la Mwenyekiti, na inasemekana hata mumewe alimwita hivyo, hasa akiwa na la kuomba. Yeye na hao sita walifua mashuka ya nyumba za wageni katika uwanja wenye bomba moja, makaro mawili ya saruji, kamba kumi na nne na chumba kidogo cha kupigia pasi. Kodi ya uwanja na bili ya maji vililipwa na shirika ambalo Kikokotoo alilifanyia kazi. Shirika lilikuwa na miradi mitatu ya kuwainua wanawake kipato: kufua, kufuga nyuki, na mbuzi wa maziwa. Fedha zilikuwa zimepungua, na baada ya wiki mbili mmoja ungefungwa.

Kazi ya Kikokotoo ilikuwa kupima, katika kila mia iliyotumika, ni kiasi gani kilifika nyumbani kwa hao wanawake. Wenzake ofisini walimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kuagiza chupa ya soda bila kugawanya bei yake kwa idadi ya waliokaa mezani. Hakuchukia. Aliipenda hesabu jinsi wengine wanavyopenda mpira.

Ila hesabu ya kufua ilimsumbua. Mradi ulikuwa wa mwisho, tena kwa mbali, na hakuelewa kwa nini. Wanawake walichapa kazi, wateja walikuwepo, lakini mapato yalipanda wiki moja na kuporomoka iliyofuata, kama chanuo lililong'oka meno.

"Shika ncha hiyo," Mwenyekiti alimwambia. "Unaniuliza umekaa, na shuka linanisubiri. Uliza huku unakamua."

Kikokotoo akaliweka dodoso juu ya ukuta, akashika ncha, akakaza. Alizungusha upande uleule aliozungusha mwenzake, shuka likazunguka zima bila kutoa tone.

"Wewe na mimi tukizungusha upande mmoja tutakesha hapa," Mwenyekiti alisema. "Nipinge."

Akampinga. Maji yakamwagika yote kwenye viatu vyake, na uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akacheka mpaka ncha ikamponyoka.

Aliyempa jibu alikuwa Bibi Vibanio, mkubwa wao kwa umri. Muda wote alikuwa na vibanio vya nguo vinne midomoni na vingine vimepangwa kwenye ukosi wa gauni, na watu wake walishazoea kumwelewa akizungumza huku amevibana kwa meno. Kwenye chumba cha pasi alikuwa ametundika kalenda ya duka la dawa. Siku mashuka yalipokauka alichora kiduara. Siku yaliposhindwa kukauka alichora msalaba.

"Hii misalaba ni mvua, Bibi?" Kikokotoo aliuliza.

"Mingine." Bibi akavitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja ili asikike vizuri. "Huu mvua. Huu mvua. Huu ni nyinyi. Huu nyinyi. Huu nyinyi tena, na wale wenye kamera."

"Sisi?"

"Jua lilikuwepo, mwanangu. Wingu lilikuwa nyinyi."

Aliyekuwa akipiga pasi, mama wa mapacha wawili waliolala kwenye kapu la foronya, ndiye aliyefafanua. Wageni wa shirika huletwa saa nne. Siku hiyo wanaambiwa wasifue asubuhi, fulana za mradi zisije zikalowa. Kamba zinashushwa ili uwanja uonekane katika picha. Viti vinapangwa, hema linafungwa, wanaimba, halafu kila mmoja anasimama kueleza jinsi maisha yake yalivyobadilika.

"Wakiondoka ni saa saba," alisema, akikunja shuka kwa pigo moja la mkono. "Shuka linaloanikwa saa saba halikauki. Ile nyumba ya wageni ya vyumba arobaini ilituhama mwezi mzima kwa sababu ya siku mbili kama hizo."

"Mbona hamkusema?"

"Kwani kwenye hizo karatasi zako lipo swali lake?"

Kikokotoo akapekua kurasa zote kumi na mbili. Hakukuwa na swali.

Akageuza karatasi ya mwisho, akaanza kuandika nyuma yake. Ziara moja inakula mashuka mangapi? Mwenyekiti alisema sitini, mwenye pasi akasema arobaini, Bibi Vibanio akasema wote wawili wana midomo mirefu, na baada ya mabishano yaliyofanana na ya sokoni wakakubaliana hamsini. Misalaba ya ziara ilikuwa kumi na mmoja. Hakuna kati yao aliyewahi kuulizwa asubuhi yake ina thamani gani, na walilifurahia swali hilo kama watu waliookota kitu chao wenyewe.

Ofisini alifungua vitabu vya matumizi kabla hata ya kuvua viatu vilivyolowa. Nyuki walikuwa mwendo wa saa sita kwa barabara mbovu. Mbuzi walikuwa ng'ambo ya mto usio na daraja. Kufua kulikuwa dakika ishirini, lami mpaka getini. Kwa hiyo kila mgeni, awe amekuja kuona nyuki au mbuzi, aliishia kuona mashuka. Na mafuta ya gari, hema, viti, soda na fulana, vyote viliandikwa kama matumizi ya mradi wa kufua.

Alivitoa. Akarudisha mashuka yaliyopotea. Akapiga hesabu mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu, kwa sababu hakuiamini mashine. Kufua kulitoka mkiani kukakaa kichwani. Mbuzi walikuwa wa pili, wakifuata kwa karibu. Nyuki walikuwa wa mwisho. Kwa furaha akainuka kwenda kunywa maji wakati hakuwa na kiu.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya watoto wa kila mfanyakazi, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amehangaika kuitafutia ofisi ile fedha.

"Hizo siku ambazo mapato yalishuka," alisema, "andika hali ya hewa."

"Jua lilikuwepo, bosi."

"Dada yangu, ziara ndizo zinazoleta fedha. Nikiwaandikia wafadhili kwamba gharama ni wao, nani atafungua ukurasa wa pili?" Alipapasa faili lililokuwa mbele yake. "Wanakuja kesho kujionea kabla ya kuamua. Saa nne. Wapigie wale akina mama simu, wavae fulana. Na huu mkataba wako unaoisha mwisho wa mwezi, ninao hapa. Nisaidie, nikusaidie."

Kikokotoo alipiga simu. Alitoa ujumbe wa saa nne na wa fulana neno kwa neno. Kisha, kwa kuwa alikuwa amewaahidi jibu, akawasomea na hesabu. Upande wa pili mtu akafunga bomba.

"Kwa hiyo sisi ni wa kwanza," Mwenyekiti alisema.

"Wa kwanza."

"Rudia, niwasikilizishe wenzangu."

Akarudia mara tatu, na kila mara vigelegele vilimlazimisha kuiweka simu mbali na sikio.

Jioni, katika vyumba viwili alivyopanga na mama yake, vyumba ambavyo mwenye nyumba alikuwa amevipandishia kodi kwa mara ya pili mwaka ule, alieleza kilichotokea huku wakichambua mchicha. Mama yake, mfagiaji mstaafu wa hospitali, hakuwahi kuelewa sawasawa binti yake alifanya kazi gani.

"Yaani wewe unaangalia kama msaada umesaidia."

"Ndiyo."

"Na ukikuta haukusaidia?"

"Naandika."

"Wewe ukishaandika?"

"Wanasoma."

"Na wakishasoma?"

"Mama, kisu kiko wapi?"

Mama yake alicheka hadi mchicha ukamwagika mapajani. Halafu akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi nilifagia wodi miaka thelathini. Kila mkaguzi alipokuja tuliambiwa tuwaamshe wagonjwa, watandikiwe mashuka mapya. Wakiondoka, mashuka yananyang'anywa. Hakuna aliyeandika hilo popote. Kama una karatasi, andika."

Alfajiri, kabla ya kunywa chai, aliituma ripoti kwa meneja na kwa wafadhili wote watatu. Mstari wa hali ya hewa ulikuwa na siku za mvua tu. Chini yake kulikuwa na mstari mpya ulioitwa siku za ziara, na tarakimu zake.

Saa nne gari la wageni lilipoingia, hapakuwa na hema wala viti. Kamba zote zilikuwa juu, na wanawake saba walikuwa katika magauni yao ya kazi, mikono imetota hadi viwikoni. Fulana za mradi zilikuwa zimefuliwa na zilichuruzika maji katikati ya mashuka. Meneja alishuka, akazitazama fulana kambani.

"Karibuni sana," Mwenyekiti alisema. "Mtusamehe, mashuka yametangulia. Mwenye swali ashike ncha aulize huku tunakamua."

Mkuu wa msafara, mama mrefu mwenye mvi, alimtazama kidogo. Akavua saa yake, akaitia mfukoni, akashika ncha. Mwenzake akafuata. Muda si mrefu wageni sita walikuwa wameloa, Bibi Vibanio akiwagawia vibanio na kuwakemea walioanika kwa mikunjo. Meneja, akiwa na suti yake, alishika shuka la kitanda cha watu wawili na kuzungusha upande uleule na Mwenyekiti.

"Nipinge, baba," Mwenyekiti alimwambia. "Humu ndani unaruhusiwa kunipinga."

Meneja mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka. Kikokotoo hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu aajiriwe. Kufika saa sita kamba kumi na nne zilikuwa zimejaa, mashuka tisini na moja, rekodi ya uwanja, na upepo ulipoyapiga wote walisimama kuyatazama.

Mkuu wa msafara aliaga kwa kuwakumbatia mmoja mmoja. "Wenzetu lazima waone hili," alimwambia meneja. "Tutaleta kundi kila wiki."

Kikokotoo akazidisha kichwani: mashuka hamsini yaliyopotea, mara kila wiki ya mwaka.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili. Kufua kulipewa mwaka mmoja, kwa sababu ya hamasa iliyoonekana wakati wa ziara. Nyuki walibaki, kwa kuwa asali ilipendeza katika vikapu vya zawadi. Mbuzi, ambao hakuna mgeni aliyewahi kuwatia machoni, walifungwa. Tarakimu zake zilikuwa kiambatisho cha nne, nyuma ya orodha ya simu. Aliandika barua ya kurasa mbili kuwatetea mbuzi na hakujibiwa. Mkataba wake uliongezwa miezi mitatu badala ya mwaka. Meneja aliusaini bila kumtazama, akampa na ratiba mpya ya ziara: kila Jumatano, saa nne.

"Wajulishe," alisema, akaketi ukingoni mwa meza kusubiri.

Kikokotoo alipiga, akaiweka simu katikati ya meza kwa sauti kubwa, na ofisi nzima ikageuza shingo.

"Jumatano ni sawa," sauti ya Mwenyekiti ilisema. "Saa nne hapana. Saa nne tuko kambani. Waje saa kumi, watatukuta tumekaa."

Meneja alisogea. "Mama, wageni wana ratiba yao."

"Na sisi tunayo, baba. Yetu inapangwa na jua, wala halipokei simu. Saa kumi. Haya, mikono yangu ina povu."

Simu ikakatika. Watu wa uhasibu waliinamia vitabu vyao, mabega yakitikisika.

Kikokotoo aliinuka, akaenda kwenye ubao mweupe wa ratiba za ofisi. Chini yake palikuwa na kalamu za aina mbili, za kufutika na zisizofutika. Bila haraka alichagua isiyofutika, akaandika kwa herufi kubwa zilizoonekana hadi mlangoni: KUFUA, JUMATANO, SAA KUMI.