Sahani ya Mbombo

Mgeni toka, mwenyeji apone. Hivyo ndivyo methali ya wazee ilivyogeuzwa mjini kwetu Likasi mwaka ule, tena na watu wazima wenye akili zao, mchana kweupe. Waliiimba wakipita kwenye nyumba za wafanyakazi kule Shituru, wakigonga mlango wa kila mwenye jina la watu wa Kasai, mkoa mwingine. Mgeni toka. Mgeni gani? Mbombo alizaliwa Shituru. Babu yake aliletwa na reli kuja kufanya kazi ya shaba kabla baba yangu hajazaliwa. Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha, na Kiluba cha kwao alikivunja mpaka nyanya yake akawa anamcheka. Lugha yake ilikuwa hii yangu, Kiswahili, na mimi ninayejivunia lugha hii nasema bila kusita kwamba alinishinda.

Mimi ni Numbi. Kwa hesabu yao mimi ndiye mwenyeji, yule aliyepaswa kupona.

Tulisoma pamoja chuo cha ualimu, kama kusoma ni neno la kutumia. Walimu hawakulipwa, kwa hiyo hawakufundisha, na madarasa yalijaa vumbi. Wengine wakaenda kuchimba mawe ya shaba ili wauze. Sisi wachache tukaunda kundi. Jumamosi tulitawanyika mjini, tukiwachotea maji wazee wasio na watoto, tukifagia zahanati, tukiwafundisha kusoma watoto ambao shule zao zilikuwa zimefungwa. Baadaye tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, tukaimba, tukaomba, tukala. Kule kula ndiko tulikokuita ushirika.

Ushirika ulikuwa na kanuni yake. Mwanzo wa mwaka tulipigiwa kura, wawili wawili, na hao wawili walifanya kazi pamoja na kula sahani moja mpaka mwaka uishe. Mwenzako asipokuwepo, huna ruhusa ya kugusa chakula. Unachukua sahani, unamfuata aliko, mnakula huko huko. Dodo, mmoja wetu, alipougua malaria, mwenzake alivuka mji mzima kwenye mvua na bukari mkononi, yaani ugali wetu. Dodo akaitapika yote, na bado tulimsifu aliyeileta. Baba yangu alipofariki, nilikuwa nimelala kwenye mkeka katikati ya mama zangu, sitaki kufungua macho, nikasikia mtu anakaa kando yangu. Mbombo. Alimega bukari, akachovya kwenye majani ya muhogo, akanitia mkononi.

"Kula," akasema. "Utalia muzuri ukishakula."

Nikala. Nikalia vizuri.

Milango ilipoanza kugongwa, kina Mbombo walitoka na kile walichoweza kubeba, wakaenda kulala stesheni pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni ya kuwapeleka kwao, huko ambako hawakukujua. Mwanzoni kundi letu lilikwenda. Tulipeleka maji kwenye mkokoteni wa Dodo. Kisha vijana fulani wakaurushia mkokoteni mawe, wakatuita wasaliti, na Éphraïm, rais wa kundi, akasema tusimamishe kidogo. Tungeendelea kwa maombi.

Sitaki kumsingizia Éphraïm. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye sauti nzuri, na watu wa namna hiyo hupewa uongozi upesi.

Ikafika siku ya ushirika mkuu, ule tuliofanya mara moja kwa mwaka. Wageni walikuja kutoka Mulungwishi, kwaya na mchungaji mmoja mzee. Mtu alitutolea mbuzi. Mbuzi mzima, katika mwaka ambao mama zetu walikuwa wanapika majani ya viazi bila chumvi. Harufu ilijaa ukumbini, na ninakiri nilimeza mate kama kila mtu. Éphraïm akasimama kutaja wenzi, maana siku hiyo kila jozi iliitwa mbele kupewa sahani yake.

"Dada Numbi," akasema, "na dada Princesse."

Princesse alikuwa mgeni chuoni, msichana mwembamba aliyeongea kama anaomba radhi kwa kuwa na mdomo. Akasimama. Mimi sikusimama.

"Mwenzangu ni Mbombo," nikasema.

"Tunajua, dada. Lakini Mbombo hayuko tena mu kundi. Ameenda."

"Ameenda wapi? Treni haijafika. Mbombo iko ku stesheni, na kutoka hapa unasikia batoto banalia kule."

"Tunamuombea kila siku."

"Yaya Éphraïm," nikasema, maana yaya kwetu ni ndugu mkubwa, "weye unamuombea, lakini yeye iko na njaa."

Mtu wa kwaya akacheka, akajikohoza. Princesse akaninong'oneza, "Yaya Numbi, minye sikuomba nafasi yake. Baliniambia tu."

"Najua," nikamwambia. "Kaa."

Nikaenda mbele, nikachukua sahani yangu, bukari na vipande viwili vya nyama, nikaifunika kwa kitambaa cha kichwa changu na kutoka. Kanuni ilikuwa kanuni. Hakuna aliyenizuia. Nadhani walifurahi nimetoka.

Stesheni hukuweza kuona ardhi. Watu walikuwa wametandaza maisha yao juu ya kokoto: magodoro, mashine za kushona, kuku waliofungwa miguu. Baba mmoja alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake, ameuegemeza ukutani, watoto wake wamelala nyuma yake kama ndani. Moshi wa makaa ulichoma macho. Kila upande watoto walikohoa, kikohozi kile cha surua ambacho mama yeyote anakijua.

Mbombo alikuwa ameketi juu ya sanduku la baba yake, na kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa amekonda mpaka meno yake yalionekana makubwa.

"Umechelewa," akaniambia. "Wamekuimbisha nyimbo zote?"

"Bado kwaya ya Mulungwishi."

"Ah, basi watakula kesho."

Tukacheka. Nikafunua sahani. Akanawa mikono kwa maji kidogo ya kikombe, akanimwagia mimi, akanyoosha mkono. Kisha mkono ukasimama hewani. Watoto walikuwa wamekuja. Hawakuomba, walisimama tu wakitutazama midomo. Nyuma yao mama zao walikuwa wametazama pembeni, kwa heshima, ili sisi tule.

"Kula, Mbombo."

"Kula weye."

Hakuna aliyekula. Akamwita mtoto wa karibu, kisha mwingine, akawamegea. Sahani ikaisha kabla sijafunga mdomo wangu. Wale waliokosa waliendelea kusimama, na mmoja akaanza kulia polepole, kama mtu mzima anavyolia.

Mbombo akaifuta sahani kwa pindo la kitenge chake, akanirudishia.

"Numbi, nakupenda," akasema. "Lakini usilete tena sahani moja hapa. Sahani moja mu fasi ya batu elfu inauma kupita kukosa."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeweza kujitetea.

Nilirudi nikikimbia. Ukumbini kwaya ilikuwa bado inaimba, Mungu awabariki kwa urefu wa nyimbo zao. Nikazunguka nyuma, uani, ambako sufuria kubwa la nyama na beseni la bukari vilikuwa vimefunikwa majani ya migomba. Princesse ndiye aliyekuwa amewekwa kuvilinda. Dodo alikuwa kando, amelala ndani ya mkokoteni wake.

"Unapeleka wapi?" Princesse akauliza nilipoanza kulivuta sufuria.

"Kwa mwenzangu."

Akatazama mlango wa ukumbi. Kisha akavua kitenge chake cha juu, akakikunja mara mbili, akaninyooshea.

"Shika na hii. Sikio la sufuria litakuunguza." Na yeye akashika sikio la pili kwa gauni lake.

"Dodo," nikasema, "toka mu kitanda."

Dodo akatutazama, akatazama sufuria. "Batatuua," akasema, akatoka, akausogeza mkokoteni, tukapakia sufuria na beseni la bukari.

Tulikuwa tumefika kwenye geti Éphraïm alipotokea, na nyuma yake mchungaji mzee wa Mulungwishi aliyetafuta pa kunawia mikono.

"Numbi. Rudisha chakula ya wageni."

"Naipeleka kwa wageni, yaya. Si njo vile mulibaita batu ba stesheni?"

Kama alijibu, sikusikia kwa kelele za magurudumu ya Dodo.

Mbombo alipoona sufuria hakusema asante. Aliinuka, akakunja mikono ya blauzi, akashika upawa kana kwamba siku zote alijua sufuria linakuja. "Wawili wawili," akaita, kwa sauti ile ile ya Éphraïm, na mimi, Dodo na Princesse tukashindwa kujizuia kucheka. Lakini hakutania. Alipanga watu wawili wawili kweli: mama na mama asiyemjua, mzee na mtoto wa jirani. Kila jozi kifuniko kimoja, au kopo moja, au kiganja. Watoto kwanza. Nyama akaikatakata kwa vidole mpaka ikawa nyuzi. Watu waliochukiana kwa kugombea kivuli walikaa wakimegeana bukari, na kwa muda mfupi pale stesheni palikuwa na sauti ya kutafuna tu. Sijawahi kuhudhuria ushirika mwingine kama ule, na nimehudhuria mingi.

Sufuria lilipoisha, tulikumbuka kwamba sisi wawili hatujala. Mbombo akaliinamisha, akakwangua mchuzi ulioganda chini, tukalamba vidole, vichwa vyetu vikigongana ndani ya sufuria. Mkono wake uligusa wangu. Ulikuwa moto.

"Uko na homa."

"Ni jua, Numbi."

"Jua iko nyuma ya mawingu, Mbombo."

"Basi ni nyama. Nilisahau mbuzi inapasha mwili." Akacheka, akaninyang'anya tone la mwisho la mchuzi.

Treni ilifika kesho yake. Niliposikia na kukimbia, nilikuta mabehewa yamejaa mpaka juu ya paa, na vilio, na mikono mingi. Nikaita jina lake. Kina Mbombo wengi wakaitika, maana ni jina la watu wengi kwao. Wangu sikumwona.

Habari ililetwa na mjomba wa Dodo, mzee Michel, mtu wa reli, Mkatoliki mpole asiyependa kusema mabaya. Alikuja nyumbani, akakataa kukaa, akageuza kofia yake mkononi. Alisema kulikuwa na msichana mwenye kitambaa cha kijani aliyekuwa akigawa maji ndani ya behewa, akiwaagiza watu wanywe wawili wawili, mpaka akalala chini. Hawakufika naye hata Kamina, mji ulio njiani. Treni iliposimama porini, walichimba kando ya njia, haraka, kwa alichokuwa nacho kila mtu. Kabla hawajamaliza kufukia, treni ikapiga honi. Mama yake akapanda akikimbia, udongo bado mikononi.

"Mama yake alikuwa analia?" nikauliza.

"Hakukuwa na wakati, mwanangu," mzee Michel akasema.

Kwa hiyo nikaenda kwenye kundi. Sikuwa nimekanyaga ukumbini tangu siku ya sufuria. Nilikwenda kwa sababu moja. Nilitaka wasimame, wale niliofagia nao na kuimba nao, walitaje jina lake kwa sauti na kumlilia kama mtu wao. Hana kaburi ambalo mtu anaweza kulifikia. Ukumbi ule ndio uliokuwa nyumba pekee iliyobaki ambamo angeweza kuliliwa.

Éphraïm alikwisha kusikia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikudhani anaigiza.

"Dada Numbi," akasema, "tutamuombea Mbombo. Wote, kwa kusimama. Lakini ushirika umepasuka, na huwezi kuomba juu ya kintu yenye imepasuka. Wageni walirudi Mulungwishi na njaa. Mchungaji wao aliandika kwamba alihuzunika. Omba kwanza musamaha mbele ya ndugu. Neno moja tu. Halafu tutasimama."

"Neno moja tu, yaya Numbi," akasema mwingine kutoka nyuma. "Juu ya Mbombo."

Wote wakanitazama. Princesse alikuwa analia na gauni lake mdomoni. Dodo aliangalia viatu vyake. Na ninyi msinione jiwe: neno lile lilinifika kwenye ulimi. Lilikuwa dogo. Ningelisema, wangesimama, jina lake lingepanda mpaka kwenye mabati ya paa kwa sauti zote zile nzuri, nami ningepiga magoti na kulia, nilie kama sijalia tangu mzee Michel ageuze kofia yake. Nilihitaji kilio kile kama maji.

Lakini kuomba msamaha ni kusema kwamba chakula kile hakikuwa chake. Ni kusema alikuwa ametoka kundini siku ile, na mimi niliiba chakula cha wenyewe nikampelekea mtu wa nje. Wangemlilia, ndiyo. Wangemlilia kama mgeni.

"Chakula ilikuwa yake," nikasema. "Na ninyi mulijua."

"Numbi, tafazali," Éphraïm akasema. "Tunangoja."

"Musingoje. Minye siombi musamaha."