Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Kwa miaka ishirini Ubeid hakukutana na mtu mwingine aliyeipenda santuri ya Seven Rooms in Hull. Bendi iliyoipiga iliitwa The Harrow Lamps, vijana wanne wa Kiingereza waliopata jina miaka ya sitini kwa nyimbo za kuchezesha. Mwaka 1968 wakatoa hii, nzito na yenye kiza, wahakiki wakaikanyaga, na bendi ikafa. Mjomba wake Ubeid, aliyekuwa baharia, aliileta Mombasa ndani ya sanduku la nguo. Ubeid alianza kuisikiliza akiwa na miaka saba, kabla hajajua Kiingereza. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na miwili, dereva wa foklifti katika ghala moja mjini Garland, Texas, Marekani, na bado aliamini kwamba dunia iliidhulumu.

Mwezi wa Agosti 2005 akaiandikia makala ndefu na kuiweka kwenye tovuti ya wakusanyaji wa santuri. Sehemu kubwa ilihusu wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Humo mwimbaji, Alan Thirkell, anaanza kwa kunong'ona na kumalizia kwa ukelele unaokatika ghafla. Wahakiki wa zamani waliuita upuuzi wa mlevi. Ubeid akaandika kuwa ni uigizaji usio na mfano: "Asiye na kipaji hawezi kujifanya anaogopa kiasi hiki." Sentensi ile ilimpendeza mno, hata akamfuata mkewe jikoni kumsomea.

Jumatano, tarehe ishirini na moja Septemba, simu ikalia, kwa namba aliyoiacha chini ya makala. Ilikuwa sauti ya mzee wa Kiingereza, imekauka, yenye kusita.

"Naitwa Leonard Askew. Nilipiga besi kwenye santuri unayoisifu."

Ubeid alivuta kiti akaketi.

"Umeandika vizuri," mzee akaendelea, "ila umekosea pale penye jambo lenyewe. Alan hakuwa anaigiza. Ninayo kanda ya kile kilichokatwa. Nipo Houston. Ukitaka kuisikia njoo upesi, kwa sababu kimbunga kinakuja na mimi siondoki."

Hamdiya, mkewe, alikuwa muuguzi, na tangu asubuhi televisheni yake haikuzimwa. Kimbunga Rita kilikuwa baharini, kikubwa kama nchi nzima, kimeelekezea jicho lake Houston. Haukuwa umetimia mwezi tangu New Orleans izamishwe na kimbunga kingine.

"Babake Nuha, hebu tazama," akasema. "Watu milioni na ushei wakimbia huko, wewe ndio waingia? Kwa ajili ya santuri?"

"Si santuri, Mama Nuha. Kuna mzee yuko peke yake."

"Jana hukumjua huyo mzee."

Alhamisi, alipomaliza kuswali alfajiri, akajaza tangi na kushika barabara ya 45 kuelekea kusini.

Mwendo mrefu alikuwa karibu peke yake upande wake. Upande wa pili magari yalikuja yamebebana, magodoro juu ya paa, mbwa wakihema madirishani. Kuanzia Huntsville hayakuwa yakienda tena. Watu walisimama barabarani, milango wazi, na wengi waligeuka kumwangalia yeye anayekwenda kule wanakotoka. Mama mmoja akampungia mkono wa kumrudisha nyuma. Ubeid akaongeza sauti ya redio, kisha akaizima kabisa.

Nyumba ya Askew ilikuwa ya mbao, kusini mashariki mwa mji, mtaa mzima umehamwa. Madirisha yalikwisha kugongelewa mbao, ndani kuna giza ingawa ni saa nne asubuhi, na joto la tanuri. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu na mwembamba. Alikuja Texas miaka ya sabini kufanya kazi ya umeme kwenye visima vya mafuta, na hakugusa gitaa tena. Hakumkaribisha mgeni hata maji. Alimwonyesha kiti, akabonyeza kinasa sauti.

Ubeid aliujua ule wimbo kama anavyoijua sura ya mama yake. Akausubiri ukelele, ukaja, na pale ulipozoea kukatika haukukatika. Uliendelea. Kisha ikasikika ngumi juu ya mlango, moja, halafu nyingi, na sauti ya Thirkell ikilia kama ya mtoto: "Len, nifungulie. Len, nakuomba, nifungulie mlango." Na chini ya sauti ile, taratibu, bila kukosea hata pigo moja, besi ikawa inaendelea.

Nywele zilimsimama Ubeid. Kilichomtisha zaidi ni kwamba hata wakati ule sikio lake lilikuwa linapenda linachokisikia.

"Alan alifukiwa na kifusi utotoni, wakati wa mabomu ya vita," Askew akasema. "Hakuweza kukaa chumba kilichofungwa. Prodyuza alilijua hilo. Akamwingiza kwenye chumba cha kuimbia, akafunga kwa ufunguo, akazima taa. Mimi nilikuwa nje ya mlango ule na gitaa langu. Prodyuza akanipungia mkono: endelea. Nikaendelea. Dakika nne."

"Kisha?"

"Kisha alifunguliwa, akavaa koti lake, hakusema na sisi tena. Kabla ya Krismasi alijiua." Mzee akaizima kanda. "Sasa umeshasikia. Nenda zako. Maji yakija yanikute hapa na kanda yangu."

Ubeid angeweza kumuaga. Badala yake alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee, akamwambia kuna chumba Garland, kuna mke muuguzi, kuna chakula. Akamwambia jambo hili halifai kuzama na mtu mmoja. Aje amsimulie yote kwa utulivu, iandikwe makala mpya.

"Na kanda?" mzee akauliza.

"Kanda pia," Ubeid akajibu, haraka kuliko alivyokusudia.

Askew aliitoa kanda kwenye kinasa sauti, akaitia kwenye mfuko. Kisha akasimama kutafuta viatu.

Waliingia barabarani adhuhuri. Kwa saa ya kwanza walikwenda maili nne. Ya pili, maili mbili. Vituo vya mafuta vilikuwa vimekauka, magari yaliyokufa yamesukumwa majanini. Ubeid alizima kiyoyozi ili petroli isiishe, na joto likapanda juu ya nyuzi mia za Farenhaiti. Alikuja na chupa tatu za maji, akampa mzee mbili. Askew alizungumza kwanza, akieleza jinsi walivyogombana studio, jinsi Thirkell alivyopenda kupika. Halafu akanyamaza. Halafu akaanza kuzungumza tena, lakini si na Ubeid.

"Nakuja, Alan," alisema, akipapasa kitasa cha mlango. "Subiri, nakuja."

Ubeid alimgusa shingo. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. Akashuka mbio, akipita baina ya magari, akipiga kelele kwa Kiingereza kuomba daktari. Gari la nne mbele lilikuwa na bendera ndogo ya Kenya kwenye kioo. Akapiga kelele kwa Kiswahili.

Aliyeshuka ni mwanamke mnene, bado kavaa sare ya hospitali. Aliitwa Jerioth, muuguzi kutoka Nyeri, anakimbia na watoto wake wawili. Hakuuliza maswali mengi.

"Mtoe kwa gari, mlaze kwa kivuli. Mfungue shati. Maji yote uko nayo, leta."

Wakamlaza kwenye kivuli cha lori. Jerioth akamwaga maji ya watoto wake kwenye kanga, akamfunika mzee kifua, akapiga simu ya dharura mara sita bila kupata laini. Ilipopatikana, wakaambiwa gari la wagonjwa haliwezi kupenya.

"Ni mzazi wako?" Jerioth akauliza.

"Hapana."

"Basi ni nani?"

Ubeid akaendelea kumpepea mzee.

Leonard Askew alikata roho saa kumi na moja jioni, kando ya barabara ya 45, mkono wa Jerioth ukiwa juu ya paji la uso wake. Ijumaa kimbunga kikageuka kuelekea mashariki. Wiki iliyofuata Ubeid alirudi Houston kumkabidhi binti wa marehemu, aliyefika kwa mazishi, funguo za nyumba. Nyumba ile ilikuwa kavu. Hata pipa la taka halikuanguka.

Hamdiya hakumlaumu. Alimpikia, akamlaza, akamngojea. Siku ya tatu tangu arudi nyumbani ndipo alipouliza, kwa upole: "Ulimtoa kwa ajili yake, au kwa ajili ya kanda?"

"Sijui," akasema. Na kweli hakujua, na hilo likawa linamwamsha kila alfajiri kabla ya adhana.

Binti wa Askew hakuitaka kanda. Ubeid akamtafuta dada yake Thirkell, bibi mzee aliyekuwa akiishi Uingereza, akamwandikia kila kitu pamoja na kifo cha barabarani, akamtumia kanda na kumwachia uamuzi. Jibu lilikuja Novemba, mwandiko wa kalamu ya wino.

"Nimesikiliza mara moja," aliandika. "Nimemsikia kaka yangu baada ya miaka thelathini na saba. Andika yaliyotokea, watu wajue. Lakini nakuomba usiseme kwamba sauti ile ni nzuri."

Ubeid alikaa na barua ile wiki tatu. Aliifuta makala ya kwanza. Akaandika ya pili: mlango, ufunguo, taa, dakika nne, jina la prodyuza. Akaandika pia habari za foleni, chupa tatu za maji, na nani alimshawishi mzee atoke nyumbani kwake. Wasomaji walimtukana, wengine wakamshukuru, na vijana wasiopata kuisikia santuri ile wakaanza kuisaka kwa udi na uvumba ili wasikie ukelele.

Kuhusu muziki wenyewe hakuandika neno. Alimtii yule bibi. Lakini kila aliposoma maombi ya vijana wale ya kutafutiwa santuri, alijua wanatafuta nini, kilekile sikio lake lilichokipenda pale Houston, na alijua kwamba watakipata.