Nondo Nene za Upande wa Mbele

Mimi ni mfunga nondo, na asubuhi ile ningeweza kumng'ata mtu. Lori la zege lilikuwa limeshapinda kona, nami ndio kwanza naona kwamba ukuta wetu umechorwa kinyume.

Ulikuwa ukuta wa kuzuia udongo, urefu wa watu wawili. Nyuma yake kilima kizima, mbele yake nyumba ya dada yangu, dirisha la jikoni hatua nane tu kutoka hapo. Mchoro ulitaka nondo nene upande wa mbele, nyembamba upande wa kilima. Nikaukodolea macho hadi nikashtuka. Kumbe ofisini walichukua mchoro wa kazi nyingine niliyowahi kuifunga, ambako kilima kiko kushoto. Wakahamisha neno "udongo" likaja kulia, nondo wakaziacha zilipokuwa!

"Funga ulichoandikiwa," foromani akanijibu nilipomwonyesha. "Mchoro una muhuri."

"Muhuri utazuia kilima?"

Moyo ulinidunda, lakini si kwa woga. Miaka kumi na moja nafunga nondo za watu, na leo nimewakamata! Nikasimama mbele ya lori, mikono kiunoni. Dereva akapiga honi mpaka masikio yakaziba. Sikubanduka.

Mhandisi akashuka kwenye gari lake amenuna. "Mama, kuna nini?"

Sina lugha ya wahandisi. Nikavua ndala yangu, ile yenye ufa katikati ya soli, nikaishika kisiginoni na kuisimamisha, ufa ukiangalia kilima. "Huu ndio ukuta. Kidole changu ndio udongo." Nikasukuma. Ndala ikainama mbele, ufa ukaachama. "Umefunguka upande gani, bosi? Hapo ndipo panapotaka nondo nene."

Akautazama mchoro, akaichukua ndala, akaisukuma mwenyewe mara mbili. Jasho likamtoka.

"Muhuri ni wangu," akasema taratibu. Kisha akapaza sauti: "Rudisha lori! Fumueni nondo zote!"

Nilipiga kigelegele hapohapo, mguu mmoja peku. Hata foromani akacheka, akashika koleo la kukatia waya.

Dada akatokeza kichwa dirishani. "Wiki tatu zote hizo, leo mnabomoa? Hivi mtamaliza lini?"

"Kumaliza?" nikamjibu, machozi yananitoka kwa raha. "Leo ndio kwanza tunakujengea ukuta!"